Suzhou River (2000): maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara watu wanapomaliza kuitazama filamu hii ya Lou Ye, na mengine huulizwa na wanaosita kuianza. Nimeyapanga ili ambaye hajaitazama asome sehemu ya kwanza bila kuharibiwa utamu. Nikifika mahali pa kufichua kisa chote, nitasema.

Suzhou River ni filamu ya namna gani?

Ni tamthilia ya mapenzi kutoka Uchina, ya dakika 83, iliyoongozwa na Lou Ye na kupigwa Shanghai mwishoni mwa miaka ya 1990. Kichina inaitwa Suzhou He, jina la mto unaokatiza jiji hilo. Ilitengenezwa kwa fedha kidogo, kwa ushirikiano na watayarishaji kutoka Ujerumani, nje ya mfumo rasmi wa studio za serikali. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye Tamasha la Kimataifa la Filamu la Rotterdam mapema mwaka 2000, ikaondoka na tuzo ya Tiger, ambayo hupewa waongozaji wanaoanza kujijengea jina. Mwaka huohuo Zhou Xun akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike jijini Paris kwa filamu hii.

Ukiniuliza kwa neno moja inahusu nini, nitasema upweke. Wapenzi wamo, magendo yamo, utekaji nyara umo, ila vyote hivyo vinabebwa na watu ambao hawana mtu wa kuwauliza umelala wapi jana.

Nipe kisa bila kunifichulia mwisho.

Kijana mmoja anaishi kwa kupiga video. Harusi, misiba, sherehe za kuzaliwa, hata mambo ya aibu, mradi unalipa. Namba yake ya simu ameipaka kwa rangi kwenye kuta za mtaani kando ya mto. Siku moja mwenye baa anamwita apige video ya onyesho lake jipya: ndani ya tangi kubwa la kioo anaogelea msichana aliyevaa mkia wa nguva na wigi la rangi ya dhahabu. Msichana huyo ni Meimei. Wanapendana, kwa namna ya watu wawili ambao kila mmoja anaogopa kumtegemea mwenzake. Meimei ana tabia ya kupotea siku kadhaa bila kuaga, kisha anarudi kana kwamba alikwenda dukani.

Halafu anatokea Mada, kijana wa pikipiki anayesafirisha mizigo bila kuuliza kilichomo. Mada anamtazama Meimei na kumwita kwa jina lingine: Mudan. Anasema huyu ndiye msichana aliyempenda miaka iliyopita, akampoteza, na tangu hapo hajaacha kumtafuta. Meimei anamcheka. Baadaye anaanza kumsikiliza, na mpiga video anaanza kuwa na wivu juu ya mwanamke ambaye huenda hata hayupo.

Mbona msimulizi haonekani?

Utasikia sauti yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, utaona mikono yake ikifungua mlango, ikiwasha sigara, ikimshika Meimei begani. Uso hutauona kamwe. Tunachokiona sisi ndicho anachokiona yeye kupitia kamera yake.

Wengi huchukulia kwamba huu ni mtindo tu. Mimi naona ndipo filamu ilipofichwa. Mwanamume huyu anajificha nyuma ya kioo cha kamera kama alivyojificha nyuma ya maneno yake. Meimei anapomtazama, anatutazama sisi machoni, anatutabasamia sisi, anatununia sisi, wala hapati uso wa kumjibu. Fikiria kuishi na mpenzi ambaye miaka yote anakuangalia na wewe hujawahi kumwona. Meimei hasemi hivyo kwa maneno, lakini kila anapopotea siku tatu, nne, huhitaji kuambiwa sababu.

Tena msimulizi ni mtu wa kutiliwa shaka. Mwanzoni kabisa anajigamba kwamba mtoni ameona kila kitu: mtoto akizaliwa, msichana akijirusha majini, miili ya wapenzi wawili ikiopolewa na polisi. Anasema hata nguva angeweza kudai amemwona, amekaa ukingoni anachana nywele zake za dhahabu, lakini hapo atakuwa anadanganya. Kisha anasimama kibarazani kwake juu, anatazama wapita njia, na kutoka hapo anaanza kutubunia habari za Mada na Mudan. Anarekebisha hadithi mbele yetu: labda ilikuwa hivi, labda hakusema vile. Tumeshazoea kwamba Mada ni kiumbe cha kubuni, na ghafla Mada huyohuyo anabisha hodi mlangoni kwake.

Je, Mudan na Meimei ni mtu mmoja?

Kuanzia hapa nafichua. Kama hujaitazama, ruka hadi kwenye swali la mto.

Si mtu mmoja. Zhou Xun anawaigiza wote wawili, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu na sisi watazamaji tunakuwa kwenye hali ileile ya Mada: macho yanasema ni yeye, mdomo wa Meimei unasema siye. Kuna ua lililobandikwa pajani, ambalo Mudan alikuwa nalo na Meimei naye analo, ila ni picha ya kubandika, kitu ambacho msichana yeyote angeweza kununua.

Jibu linakuja karibu na mwisho. Mada anaondoka mjini, anaingia kwenye duka moja la pembezoni kutafuta ile vodka ya majani ya nyati ambayo Mudan aliipenda, na anayeuza dukani ni Mudan mwenyewe. Alikuwa hai muda wote. Muda mfupi baadaye polisi wanampigia simu mpiga video: pikipiki imeingia mtoni, wanaume kwa wanawake wamekusanyika ukingoni, miili miwili imelala kwenye mvua. Meimei anaiangalia sura ya marehemu inayofanana na yake na ndipo anajua kwamba Mada hakuwa mlaghai wala mwendawazimu. Kila alichosimulia kilikuwa kweli.

Zhou Xun anastahili kusifiwa kwa undani hapa. Mudan wake ana nywele zilizofungwa mikia miwili, anatembea kama mtoto anayeruka madimbwi, anatazama mtu moja kwa moja bila kuona haya. Meimei wake amechoka kabla ya wakati. Anaongea akiangalia pembeni, anacheka nusu. Hakuna vipodozi vya ajabu wala ujanja wa kamera unaowatofautisha, ni namna ya kushika mabega tu. Mara ya pili unapoitazama utashangaa ulichanganyikiwa vipi.

Mada alimpenda Mudan kweli, au alikuwa mwizi tu?

Swali hili ndilo linalozua ubishi mkubwa kuliko yote, na haki ya ubishi ipo.

Tuyapange mambo yalivyokwenda. Baba yake Mudan ni mfanyabiashara aliyetajirika kwa pombe ya magendo. Kila anapoleta mwanamke nyumbani, anamkodi Mada ampakie bintiye kwenye pikipiki ampeleke kwa shangazi, asubuhi amrudishe. Mtoto anaondolewa nyumbani kwao kama fanicha. Katika safari hizo Mudan anampenda dereva, kwa sababu kati ya watu wote wazima wanaomzunguka ni yeye peke yake anayekaa naye muda mrefu. Nao Mada na wenzake wa magendo, Xiao Hong na Lao B, walishapanga kumteka ili baba alipe.

Tendo la utekaji linafanyika ndani ya jengo tupu, na halina fujo yoyote. Mudan anaelewa polepole. Kinachomvunja siyo woga. Anataka kujua ameuzwa kwa bei gani, na akiambiwa, anaona ni bei ndogo mno. Anakimbia hadi darajani akiwa na mwanasesere wa nguva ambaye Mada alimpa zawadi ya siku ya kuzaliwa, anasema atarudi akiwa nguva kumtafuta, kisha anajirusha. Mwili hauonekani. Lao B anamuua Xiao Hong, polisi wanafika, Mada anafungwa.

Sasa, je, alimpenda? Nionavyo mimi, siku ile darajani hakuwa anajua. Alikuwa kijana aliyezoea kubeba mzigo na kupokea malipo, na hakuwa amewahi kujiuliza kama kuna mzigo asiopaswa kuubeba. Mapenzi yake yalianza pale Mudan alipogusa maji. Hiyo haimsafishi. Msichana alimwamini naye akamtia bei, na hakuna miaka ya jela inayoweza kulifuta jambo hilo mbele ya Mudan. Ila kwenye filamu nzima ni yeye peke yake anayefanya kazi ya kutafuta. Anazunguka, anauliza, anapigwa hadi anavuja damu, anauliza tena. Ukimweka kando ya mpiga video, ambaye hajamdhuru mtu na pia hajamfuata mtu hata hatua moja, utaona kwa nini Meimei anaanza kutamani kwamba yeye ndiye angekuwa Mudan.

Wapo watazamaji wanaosema filamu inampendelea mwanamume mkosaji na kumpa machozi asiyostahili. Ninawaelewa. Ningewaomba tu waangalie tena uso wa Mudan pale dukani wanapokutana. Hakuna shangwe pale, na hakuna anayesema amesamehe.

Meimei anataka nini hasa?

Anataka kutafutwa. Filamu inaanza kwa giza, hakuna picha, sauti mbili tu. Mwanamke anauliza kama siku moja akiondoka, mwanamume atamtafuta kama Mada alivyotafuta. Mwanamume anajibu ndiyo. Milele? Ndiyo. Mwanamke anamwambia anadanganya.

Dakika themanini zote zinazofuata ni kesi ya kujua nani alisema kweli. Na Meimei ana haki ya kuuliza. Kazi yake ni kutazamwa. Usiku kucha wanaume wenye bia mkononi wanamtazama kwenye kioo, mchana mpenzi wake anamtazama kwenye kioo kingine. Kutazamwa anako hadi basi. Ila hakuna anayejua alikotoka, ana ndugu gani, analala wapi akipotea. Mada anapomjia na hadithi ya msichana aliyetafutwa miaka yote, ni kana kwamba amemletea barua yenye anwani sahihi na jina la mtu mwingine.

Nguva anahusikaje?

Kwanza ni kazi ya kuvutia wateja baa, kitu cha kujionyesha cha Shanghai ya wakati ule, pesa mpya ikitafuta namna ya kujifurahisha. Pili, ni ahadi ya Mudan. Kila mmoja atajaza mwenyewe mengine. Mimi hunijia zaidi ile tofauti ya maji: tangi la Meimei ni safi, lina taa, na ndani yake hakuna kinachoweza kuishi, mto ni mchafu kupindukia na umejaa watu.

Mto wenyewe upo kweli? Mbona ni mchafu namna ile?

Upo. Unatoka Ziwa Tai, una urefu wa takriban kilomita 125, na unaingia Mto Huangpu katikati ya Shanghai, karibu na daraja la chuma la Waibaidu. Kabla ya reli na barabara kubwa, mto huu ndio uliounganisha Shanghai na mji wa Suzhou na mashamba ya ndani. Viwanda vya nguo, vinu vya unga na maghala vilijipanga kandokando yake tangu mwishoni mwa karne ya 19, na vyote vilimwaga taka humo. Kufikia miaka ya 1980 na 1990 sehemu ya mjini ilikuwa nyeusi na inanuka, samaki hawaishi.

Lou Ye alizaliwa Shanghai mwaka 1965, kwa hiyo mto huu ni wa kwao. Muda aliopiga picha ni muhimu sana kuujua. Mwaka 1990 serikali ilikuwa imetangaza kuiendeleza Pudong, ng'ambo ya Huangpu, na mwaka 1994 ukakamilika mnara wa televisheni wa Lulu ya Mashariki wenye urefu wa mita 468. Mnara huo unauona kwa mbali kwenye filamu, ukiwa na rangi za waridi, kama picha ya kadi ya posta iliyobandikwa nyuma ya ukungu. Huku mbele yetu yapo majumba yanayobomolewa, majahazi ya mizigo, familia zinazofua nguo juu ya mashua, wanaume waliokaa tu. Filamu inachagua kukaa upande huu wa maji na kuuacha ule mwingine kama uvumi.

Mwaka 1998 Shanghai ilianza mradi mkubwa wa kuusafisha mto kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Asia miongoni mwa fedha nyingine. Ulifanikiwa. Leo maji yamepata nafuu kubwa, na kingo zake za katikati ya jiji zimekuwa njia za kutembea, zenye bustani, mikahawa na maghala yaliyogeuzwa kumbi za sanaa. Maana yake ni kwamba Lou Ye aliupata mto wa zamani kwenye pumzi zake za mwisho. Afya ya watu imeshinda, na hilo ni jema. Ila wale waliokuwa wakiishi juu ya mashua zile wamebaki kwenye filamu hii kuliko kwenye mandhari ya sasa. Dakika za mwanzo, kamera ikipita taratibu usawa wa maji na nyuso zikigeuka kutuangalia, zinanigusa kuliko hata mkasa wa wapenzi.

Kwa nini inaitwa filamu huru, na mwongozaji aliadhibiwa kwa kosa gani?

Uchina filamu haiwezi kuonyeshwa kihalali kwenye sinema bila kibali cha serikali, na alama ya kibali hicho ni ile chapa ya joka unayoiona mwanzoni mwa filamu za Kichina. Miaka ya 1990 hata kuanza kupiga kulitakiwa kupitia studio ya serikali, mswada ukaguliwe, na filamu iliyokamilika ikaguliwe tena kabla ya kupelekwa tamasha la nje.

Lou Ye alipita pembeni. Kazi ilianza kama sehemu ya mradi wa televisheni, ikapigwa kwa filamu ya milimita 16, na baadaye ikakuzwa kuwa filamu kamili kwa msaada wa fedha za Ujerumani. Akaipeleka Rotterdam bila ruhusa. Adhabu yake ikawa kuzuiwa kutengeneza filamu kwa miaka miwili.

Watu huuliza: lakini mbona hakuna siasa ndani? Kweli, hakuna kiongozi anayetajwa, hakuna maandamano. Kosa la wazi lilikuwa la utaratibu, yaani kuipeleka nje bila ruhusa. Lakini itazame kwa jicho la mkaguzi. Hakuna hata mmoja kwenye filamu hii ambaye maendeleo ya jiji yamemfikia. Polisi wanatokea tu kuhesabu maiti. Baba tajiri ni mlanguzi. Vijana hawana wazee, hawana kazi ya heshima, hawana lengo. Sihitaji kubuni nia ya mtu ili kuona kwamba picha ya namna hiyo isingependwa na ofisi yoyote iliyokuwa ikiutangaza mji huo duniani.

Miaka sita baadaye akafanya tena: Summer Palace ilikwenda Cannes mwaka 2006 bila kibali, na hiyo ilikuwa na mapenzi ya wazi pamoja na maandamano ya wanafunzi ya Beijing ya mwaka 1989. Safari hiyo alizuiwa miaka mitano. Katikati ya adhabu hiyo alipiga Spring Fever kwa siri jijini Nanjing, na mwaka 2009 ikapata tuzo ya mswada bora Cannes.

"Kizazi cha Sita" ndiyo nini?

Ni jina la waongozaji wa Uchina walioibuka miaka ya 1990, wengi wao wahitimu wa Chuo cha Filamu cha Beijing: Zhang Yuan, Wang Xiaoshuai, Jia Zhangke, Lou Ye na wengine. Waliowatangulia, akina Zhang Yimou na Chen Kaige, walivuma kwa filamu za vijijini na za enzi za kale, zenye rangi nzito na mandhari makubwa. Hawa wadogo zao waliingia mijini na kamera nyepesi, wakapiga watu wa rika lao: wanamuziki wasio na kipato, vibaka, vibarua, wasichana wa baa. Wengi hawakupata kibali, na ndani ya nchi kazi zao zilisambaa kwa diski za bandia zilizokuwa zikiuzwa mitaani. Wenyewe hawakulipenda sana jina hilo la kundi.

Kamera inatikisika mpaka kichwa kinaniuma. Ni makosa?

Ni kusudi. Mpigapicha Wang Yu aliibeba mkononi karibu muda wote, na uhariri unakatakata katikati ya tendo, kwa sababu tunatakiwa kuamini kwamba tunaona alichonasa yule mpiga video. Kaa mbali kidogo na skrini, usitazamie kwenye simu. Baada ya robo saa macho huzoea.

Ni kweli imeiga Vertigo ya Hitchcock?

Kufanana kupo: mwanamume anampoteza mwanamke kwa kifo cha kuanguka, kisha anakutana na mwingine mwenye sura ileile. Hata muziki wa Jörg Lemberg una vinanda vinavyozunguka kama vya filamu ile ya mwaka 1958. Ila Hitchcock anatuonyesha mwanamume anayemlazimisha mwanamke avae sura ya marehemu. Kwa Lou Ye, mwanamke ndiye anayetamani kuivaa sura hiyo kwa hiari yake, kwa sababu ya marehemu inapendwa na yake haipendwi. Hilo ni jambo jingine kabisa, na linauma zaidi.

Waigizaji walikuja kuwa nani?

Zhou Xun, mzaliwa wa 1974 katika mkoa wa Zhejiang, akawa mmoja wa nyota wakubwa wa Uchina. Nai An, anayeigiza Xiao Hong, ndiye pia mtayarishaji wa filamu, na ameendelea kusimama na Lou Ye kwenye kazi zilizofuata, zikiwemo zilizoleta adhabu.

Jia Hongsheng, ndiye Mada. Alizaliwa 1967, akasomea uigizaji Beijing, akawa uso wa filamu za kizazi chake, na katikati ya miaka ya 1990 akazama kwenye dawa za kulevya. Mwaka 2001 aliigiza maisha yake mwenyewe katika Quitting ya Zhang Yang, pamoja na wazazi wake halisi, ambao nao walikuwa waigizaji wa jukwaani. Alifariki Beijing Julai 2010 baada ya kuanguka kutoka ghorofani, akiwa na miaka 43. Ninaomba watazamaji wasiichanganye habari hiyo na uhusika wake. Alichofanya kwenye filamu hii ni kazi ya mtu anayejua fani yake: tazama anavyosikiliza Mudan akiongea nyuma ya pikipiki, kichwa kikigeuka kidogo tu, na macho barabarani.

Mimi nimezoea za ngumi, au tamthilia za Kichina zilizoingizwa Kiswahili. Nitaiweza?

Wengi wetu tulianza na za ngumi zilizotafsiriwa na wasimulizi wa vibanda vya video, kisha mwaka 2011 TBC ikatuletea Dou Dou na Mama Wakwe Zake kwa sauti za Kiswahili, tukaona kumbe Wachina nao wanagombana na mawifi na wakwe. Suzhou River haina ukoo wa namna hiyo. Hakuna mkwe wa kuingilia wala jirani wa kusuluhisha, na ukishazoea tamthilia za familia, ukosefu huo utauhisi haraka. Kaa nao. Toleo lenye sauti za Kiswahili sijakutana nalo. Utasoma maandishi ya chini, nayo si mengi kwa sababu watu hawa husema machache.

Inafaa kutazamwa na watoto?

Hapana. Kuna kipigo, mauaji, pombe na kujirusha mtoni. Na mwenye msiba wa aina hiyo nyumbani aisubirishe hadi atakapokuwa tayari.

Mwisho unamaanisha nini?

Nafichua tena. Baada ya kuona miili, Meimei anamuuliza mpiga video lile swali la mwanzo, naye anajibu vilevile. Kesho yake Meimei hayupo, ameacha karatasi inayomwambia amtafute kama anampenda. Mpiga video hatoki. Anasema hakuna kinachodumu milele, anakunywa, anafumba macho na kusubiri hadithi nyingine ianze.

Wengine humwita mkweli, kwamba ameamua kutojidanganya. Sikubaliani. Yeye ndiye aliyetusimulia habari ya mtu aliyetafuta hadi akapata. Ushahidi anao mkononi, tena kwa sauti yake. Anaijua njia, na anachagua kitanda. Kwangu mimi huo ndio ukatili mkubwa kwenye filamu, mkubwa kuliko bei aliyotiwa Mudan, kwa sababu Mada alitenda kwa kutojua thamani ya mtu naye anaijua.

Nitazame toleo gani, na baada ya hapo nini?

Tafuta lililokarabatiwa kwa ubora wa 4K, lililotolewa mwaka 2022. Nakala za zamani zina giza kiasi cha kupoteza nyuso za watu wa mashua. Baada yake, ukipenda kubaki na Lou Ye, nenda Summer Palace. Ukitaka upweke wa mji mdogo badala ya Shanghai, tazama Xiao Wu ya Jia Zhangke, kuhusu kibaka wa Fenyang anayempenda msichana wa karaoke. Nayo ilipigwa kwa milimita 16, bila kibali, mwaka 1997. An Elephant Sitting Still ya Hu Bo ya mwaka 2018 ni nzito na inakaribia saa nne, hivyo iweke siku ya mapumziko.